Matibabu Yasiishie Mlangoni mwa Hospitali

Yako maradhi ambayo watu huyazungumza hadharani bila haya, kama vile malaria au shinikizo la damu, na yako mengine ambayo mtu huyabeba chini ya nguo zake miaka nenda miaka rudi, pasipo jirani wala mwajiri kujua. Miongoni mwa haya ya pili ni ngiri inayotokea kando ya tundu la haja, yaani lile tundu ambalo daktari hulitoboa tumboni na kuutoa utumbo nje ili choo kipitie hapo na kuingia katika mfuko. Bila shaka wananchi wenye hali hiyo hawakosekani katika mitaa ya Nyakato na kandokando ya Ziwa Victoria kwa jumla. Hawasikiki kwa sababu wenyewe wamenyamaza, na wale wanaopaswa kuwauliza hali hawajawauliza.

Tundu la haja si adhabu, wala si dalili kwamba daktari ameshindwa. Ni njia ya kuokoa maisha. Katika Kanda ya Ziwa mtu huweza kuwekewa tundu hilo kwa sababu mbalimbali. Homa ya matumbo isipotibiwa mapema huweza kuutoboa utumbo. Mwaka 2012 madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Bugando, iliyofunguliwa jijini Mwanza mwaka 1971, walichapisha taarifa ya wagonjwa 104 waliofanyiwa upasuaji kwa sababu hiyo. Wako watoto wanaozaliwa bila njia ya haja kubwa, au wakiwa na utumbo mpana usiosukuma choo. Wako watu wazima ambao utumbo wao umejisokota, walioumia katika ajali za barabarani, na wenye saratani ya utumbo mpana. Wote hao wangeweza kufa, na tundu likawapa uhai.

Hata hivyo, tundu hilo lina gharama yake. Ili kuutoa utumbo nje, daktari hana budi kuipasua misuli ya tumbo, na mahali palipopasuliwa hapawi tena na nguvu ya awali. Kila mtu anapokohoa, anapojikamua au anapoinua mzigo, nguvu ya ndani ya tumbo husukuma mahali pale palipolegea. Siku zikipita nafasi hupanuka, na sehemu nyingine ya utumbo au mafuta ya tumbo hupenya na kutuna chini ya ngozi kando ya tundu. Hiyo ndiyo ngiri yenyewe. Mwongozo uliotolewa mwaka 2018 na chama cha wataalamu wa ngiri wa Ulaya unakadiria kwamba zaidi ya asilimia 30 ya wenye matundu hupata ngiri hiyo katika muda wa mwaka mmoja, asilimia 40 katika miaka miwili, na kwa muda mrefu zaidi hufikia nusu yao au kuzidi. Jambo linalompata mmoja kati ya wawili haliwezi kuitwa bahati mbaya. Ni jambo linalotazamiwa, na linalotazamiwa hupangiwa mipango.

Badala ya mipango, kuna uvumi. Neno lenyewe "ngiri" limeharibiwa na mabango ya waganga wanaolifungamanisha na upungufu wa nguvu za kiume na kuahidi kuiyeyusha kwa unga wa mizizi. Hakuna mzizi unaoweza kuziba nafasi iliyo katika misuli, kama vile hakuna dawa ya kunywa inayoweza kushona nguo iliyochanika. Wako pia wanaodhani kwamba mwenye uvimbe huo amerogwa. Mambo hayo humkimbiza mgonjwa mbali na hospitali wakati anapoihitaji zaidi, na humfanya mwanamke auonee aibu mwili wake hata mbele ya mumewe.

Pana jambo moja ambalo vitabu vya Ulaya hulizungumza kwa uchache, lakini kwa Mwanza ndilo kiini cha shauri lote. Wengi wa wagonjwa wanaozungumzwa katika vitabu hivyo ni wazee wa saratani ambao matundu yao ni ya maisha. Kwa mtoto aliyezaliwa na kasoro, au kijana aliyetobolewa utumbo na homa ya matumbo, tundu kwa kawaida huwekwa kwa muda tu. Shabaha ni kulifunga baada ya wiki kadhaa au miezi, mwili ukiisha kupona. Lakini mgonjwa aliyetoka Ukerewe hana budi kupanda meli, na aliyetoka Sengerema au Geita, hata baada ya daraja la Kigongo hadi Busisi kufunguliwa mwaka 2025, hana budi kutafuta nauli, fedha za vipimo na fedha za kumweka ndugu wa kumwuguza. Akizikosa, haendi. Tundu la miezi mitatu hugeuka kuwa la miaka mitatu, na kadiri muda unavyorefuka ndivyo nafasi inavyopanuka na ngiri inavyopata mlango. Kwa hiyo, kwa wengi wa wagonjwa hao, kinga iliyo bora kuliko zote ni kulifunga tundu kwa wakati wake.

Ndiyo maana haifai hospitali yoyote kuhesabu kwamba kazi yake imekwisha siku mgonjwa anapotoka wodini. Mgonjwa apewe tarehe ya kurudi iliyoandikwa, na jina lake liwe katika daftari maalumu la wenye matundu. Tarehe ikipita bila yeye kufika, mhudumu wa afya wa mtaa au wa kijiji apewe taarifa amtafute. Utaratibu wa namna hiyo hutumika kuwafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu wanaoacha dawa. Hakuna sababu ya kuushindwa kwa wagonjwa hawa, ambao idadi yao ni ndogo zaidi.

Wakati akisubiri, au ikiwa tundu lake ni la kudumu, mgonjwa anahitaji elimu ya namna ya kuishi. Miezi mitatu ya kwanza baada ya upasuaji asiinue mizigo mizito, na ndoo ya lita 20 kichwani ni mzigo mzito. Akitaka kukohoa au kupiga chafya, alikaze tundu kwa kiganja. Kikohozi kisichokwisha kipimwe na kutibiwa, na sigara iachwe. Ale matunda na mboga na kunywa maji ya kutosha ili choo kisiwe kigumu, na auchunge uzito wa mwili wake. Ngiri ikiisha kutokea, mkanda mpana wa kubana tumbo huweza kumsaidia, nao huvaliwa mgonjwa akiwa amelala chali, wakati uvimbe umerudi ndani. Kwa kuwa ngiri hubadili umbo la ngozi, mfuko uliokuwa ukishika vema huanza kuvuja na kuichubua ngozi. Hapo tundu lipimwe upya na mfuko ukatwe kwa kipimo kipya.

Ziko dalili ambazo hazingoji kesho. Uvimbe ukiwa mgumu na kukataa kurudi ndani, maumivu yakiwa makali, mgonjwa akitapika, choo na hewa vikiacha kutoka, au tundu lenyewe likiacha rangi yake ya wekundu na kuwa la zambarau iliyokoza au jeusi, maana yake utumbo umebanwa na huenda umekosa damu. Mtu huyo apelekwe hospitali saa ile ile. Akilazwa nyumbani kwa kungoja kupambazuke, au akikandwa kwa maji ya moto, anaweza kupoteza maisha.

Si kila ngiri ya tundu inayohitaji kisu. Isiyo na maumivu wala kuziba choo huweza kutunzwa kwa mkanda na uangalizi. Inayosumbua hupasuliwa, na hapa wataalamu wamejifunza kwa uchungu. Kushona misuli kwa uzi peke yake hakutoshi, kwani mara nyingi ngiri hurudi. Kulihamishia tundu upande wa pili wa tumbo nako huweza kuzaa ngiri mpya huko. Njia inayotegemewa zaidi, tundu lisipoweza kufungwa, ni kuweka wavu maalumu wa kuimarisha ukuta wa tumbo. Wavu huo wa viwandani ni ghali kwa hospitali nyingi za Afrika. Lakini mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa mashariki mwa Uganda kwa wanaume 302 wenye ngiri ya kinena. Baadhi yao waliwekewa wavu wa viwandani, na wengine wavu wa bei nafuu wa kitambaa cha namna ya chandarua, uliosafishwa kwa utaratibu wa hospitali. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana baina yao. Kinena si tundu la haja, na matokeo hayo hayawezi kuhamishwa hivi hivi. Hata hivyo yanaonyesha kwamba ughali wa vifaa si amri ya mbinguni, na kwamba utafiti wa majirani wa ziwa hili hili unastahili kuendelezwa na vyuo vya udaktari vya nchi hii, kikiwamo kile cha Bugando.

Maofisini na mashuleni nako kuna wajibu. Yafaa kumfikiria mwalimu wa shule ya msingi anayerudi kazini akiwa na mfuko tumboni. Anahitaji choo chenye mlango unaofungwa, maji na sabuni. Anahitaji ruhusa ya kutoka darasani bila kuulizwa mbele ya wanafunzi, na kuondolewa kwa muda katika kazi ya kubeba madawati na kulima shamba la shule. Mambo hayo hayahitaji fungu la fedha kutoka wizarani. Yanahitaji mwalimu mkuu mwenye utu na anayejua kutunza siri. Mtumishi akifichwa nyuma ya minong'ono hadi akaomba kustaafu mapema, taifa limepoteza mtu liliyemsomesha. Vivyo hivyo mtoto mwenye tundu asizuiwe kuingia shule kwa kisingizio cha harufu, kwani mfuko ulio mzima na kubadilishwa kwa wakati hautoi harufu.

Mifuko hiyo ndiyo mahali ambapo wanyonge huumia zaidi. Asiyeweza kuinunua hujifunga vitambaa au mifuko ya kawaida ya plastiki, na ngozi yake huoza. Bohari ya Dawa iihesabu mifuko ya haja na mikanda ya tumbo kuwa mahitaji ya kila mwezi, ifike hata hospitali za wilaya. Watumishi wa serikali walitangulia kuingia katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999. Sasa ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023. Wanaopanga vitita vya mafao wakumbuke kwamba kulipia upasuaji wa kuweka tundu, kisha kumwacha mgonjwa bila mfuko na bila upasuaji wa kulifunga, ni kujenga nyumba na kuiacha bila paa.

Mwisho, kisima cha matatizo haya kizibwe kwenye chanzo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafundisha wananchi kuchimba vyoo na kuchemsha maji, na somo hilo halijachakaa. Homa ya matumbo huanzia katika maji yaliyochanganyika na kinyesi. Kila kaya ya mlimani au ufukweni inayochota maji ya ziwa na kuyanywa mabichi inakaribisha ugonjwa ambao mwisho wake waweza kuwa kisu cha daktari. Walimu wanaosoma haya wanao uwezo wa kuliweka jambo hilo mbele ya wanafunzi wao kesho asubuhi.

Waganga wakuu wa wilaya za Kanda ya Ziwa waanze kwa hatua moja iliyo rahisi: kuwahesabu wenye matundu walio katika maeneo yao, mtaa kwa mtaa na kijiji kwa kijiji, na kujua ni wangapi ambao tarehe zao za kufungwa zimekwisha pita. Orodha hiyo ikipatikana, hospitali zitajua ni nani wa kuitwa kwanza, na Bohari itajua ni mifuko mingapi ya kuagiza. Bila orodha, wagonjwa wataendelea kuonekana siku ile tu wanapoletwa wakiwa wamebanwa utumbo, wakati daktari amekwisha chelewa.