Amana ya Picha Zetu: Tujifunze Kuzikata Wenyewe

Siku hizi harusi ya Kiislamu, iwe ya Lamu, ya Mombasa au ya huku bara, haihesabiwi kuwa imetimia mpaka ipigwe picha za video. Hilo peke yake si baya. Lakini kuna jambo moja ambalo nadhani hatujalizingatia vya kutosha. Baada ya mpiga picha kufunga kamera yake, ni nani akaaye na picha zile, akazitazama moja moja, akazikata na kuziunga?

Siku ya kumpamba bi harusi kina mama huchukua tahadhari kubwa. Wanaume hawaingii, simu hukusanywa mlangoni, na hata mpiga picha hutafutwa mwanamke. Kisha kadi yenye picha zile zile hupelekwa dukani kwa kijana wa kiume ambaye hatumjui, akazitia katika mashine yake na kukaa nazo muda apendao. Mlango wa mbele tumeufunga kwa kufuli, na wa nyuma tumeuacha wazi!

Nayasema haya kwa kuwa nayaona hapa Ukambani nilikoolewa. Msomaji wa pwani asidhani kuwa huku ni ugenini kabisa. Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 alimkuta Kivoi, tajiri wa misafara ambaye biashara yake ilifika hadi pwani, na tangu zama hizo watu wetu na Wakamba wamekuwa wakitembeleana. Leo Waislamu tupo Kitui mjini, na katika Makueni tupo Kibwezi, Makindu na Mtito Andei. Hata hivyo tu wachache, na mwanamke ajuaye kazi ya kukata video ni adimu. Ndipo nikaazimia kujifunza mwenyewe.

MLANGO WA HALALI

Swali la kwanza lilikuwa: nijifunze kwa programu gani? Zile mashuhuri zina gharama. Kampuni ya Adobe, kwa mfano, tangu mwaka 2013 imefuata mtindo wa kukodisha programu zake mpya badala ya kuziuza moja kwa moja, nawe hulipa kila mwezi kama kodi ya nyumba. Kwa hiyo vijana wengi hutumia nakala zilizovunjwa kufuli. Ukiwauliza, watakujibu kuwa mwenye kampuni ni tajiri wa Marekani, hadhuriki.

Jawabu hilo halitoshi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda programu ya kompyuta kama inavyolinda kitabu. Na kabla ya hapo, mwaka 1988, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait likaamua kwamba haki za mtunzi na mvumbuzi ni mali inayolindwa na sharia, wala haijuzu kuivunja. Yaani kusherehekea ndoa ya halali kwa chombo cha kuiba ni kuchanganya maziwa na shubiri.

Bahati njema, mlango wa halali upo. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa programu huru. Maana yake ni kwamba kila mtu ana ruhusa ya kuitumia programu, kuichungua ilivyoundwa, kuibadili, na kuwagawia wenzake. Katika programu za namna hiyo mna za video, kama vile Shotcut, OpenShot na Kdenlive. Mimi nilichagua Kdenlive, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Jason Wood, na ambayo sasa hutunzwa na wataalamu wa kujitolea wa jumuiya ya KDE.

Sisi Waislamu jambo hili halitupi taabu kulifahamu. Kisima cha wakfu hakiulizi anayeteka ni nani. Na tumefundishwa kuwa elimu yenye manufaa ni katika amali zisizokatika baada ya mtu kufa. Huku kwetu, ambako intaneti ni ghali na mahali pengine ni dhaifu, faida yake ni dhahiri: mmoja huipakua Kitui mjini, akaitia katika flashi, akampelekea mwenzake Mutomo au Wote. Huo si wizi, ndiyo ruhusa yenyewe.

MASOMO YA MWANZO

Siku ya kwanza nilijiona kama mgeni aliyekaribishwa katika jiko la mtu: vyombo vyote vipo, lakini hujui mwiko uko wapi. Juu kushoto ni ghala la vipande, juu kulia ni madirisha ya kutazamia, na chini ni mistari ambayo picha na sauti hupangwa kwa mfuatano wa wakati. Ukibonyeza herufi X unapata wembe wa kukatia.

Lililonistaajabisha ni kwamba wembe ule haukati kitu. Picha za asili hubaki nzima mahali pake. Faili ya kazi yako huandika maagizo tu: anzia hapa, ishia pale, kisha leta kile. Kwa hiyo mwanafunzi hana haja ya kuogopa kuharibu, bali ni wajibu wake kuziweka picha zote katika kabati moja na kutoihamisha kabati hiyo ovyo, maana maagizo yataitafuta pale pale yalipoiacha.

Kompyuta yangu ni ya zamani, na picha kubwa za siku hizi ziliilemea. Programu ina dawa yake: hutengeneza nakala ndogo nyepesi za kufanyia kazi, kisha mwishoni hurejea kwenye zile asili. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa dakika 6 za watoto wa madrasa wakisoma. Ilinichukua jioni 4, na umeme ulipokatika, nakala iliyojihifadhi yenyewe ikaniokoa. Sasa nimekwisha kata harusi 2 za jamaa, na picha zile hazikutoka nje ya chumba changu.

Watasema wengine kuwa cha bure hakina thamani. Na tuwatazame Wakamba wenyewe. Husimuliwa kuwa Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga vinyago kutoka kwa Wazaramo wakati wa Vita Kuu vya Kwanza. Ujuzi ule ukawaenea jamaa na jirani, na leo wachongaji wa Kikamba wana chama chao cha ushirika pale Changamwe, Mombasa. Ujuzi ulipogawanywa haukupungua, bali ulilisha nyumba nyingi.

LUGHA NA WAJIBU

Kizuizi kilichobaki ni lugha. Mama aliyesoma Kurani na Kiswahili chake hatakiwi kushindwa kwa sababu ya maneno ya Kiingereza. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ikiwa barua na hesabu ziliwezekana, video nayo yawezekana, na programu huru hairuhusu tu kutafsiriwa, bali yakaribisha watafsiri.

Rai yangu basi ni hii. Kila mtaa, wa pwani na wa bara, uwe na mabinti wawili watatu waliofunzwa kazi hii. Madrasa zenye kompyuta zitenge saa chache kwa juma. Kina mama wanaochanga fedha za shela na mapambo wasione uzito kumlipa binti huyo ujira wake kamili, kwani programu ni ya bure lakini jasho lake si la bure. Tukifanya hivyo, tutakuwa tumeilinda sitara ya kina mama wetu, tumewapa mabinti riziki, na mikono yetu imebaki safi na mali ya watu.