ASILI YA MANENO: Kaya

Juma hili tutazame neno fupi ambalo karani asipolielewa, aweza kumpotezea mtu ardhi yake. Neno lenyewe ni kaya.

Tuseme karani aliyezoea Kiswahili cha Tanzania Bara amefika Msambweni na karatasi zake, akamwuliza mzee wa Kidigo, "Babu, kaya yako ina watu wangapi?" Karani ataka hesabu ya watu walao chungu kimoja, maana ndivyo neno hili litumikavyo katika sensa ya Tanzania. Mzee atafikiri kidogo, kisha atamjibu, "Kaya ipi, mjukuu wangu? Ya kulala au ya kuomba?"

Wote wawili wana haki. Wataalamu wa lugha za Kibantu watuambia kwamba shina la neno hili ni la kale mno, na maana yake ni maskani au mji. Wasukuma huita kaya makao ya mtu na jamaa zake. Wazulu husema ikhaya, yaani nyumbani. Lakini huko huko kusini Wazungu walilichukua neno hilo, wakaliita kwalo kijumba cha mtumishi kilichokuwa nyuma ya nyumba yao. Hivyo neno la heshima likashushwa cheo.

Kwa Wamijikenda neno lilipanda. Wazee wao walikaa katika miji iliyozungukwa na boma na msitu mnene. Hata jina la Mijikenda maana yake ni miji tisa, na miji hiyo ndiyo makaya. Watu walipohamia mashambani, miti iliota penye nyumba, makaburi yakabaki, na pakawa mahali pa kuomba. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ni mojawapo: mgeni aingiaye hujifunga kaniki, wala havunji hata kijiti.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kila mfanano ni udugu. Kwa Kituruki kaya ni mwamba, na kwa Kimalai ni tajiri. Hayo yamekutana njiani tu.

Sasa hatari iko wapi? Mtu aonaye msitu usiofuka moshi wa jiko hudhani kuwa hauna mwenyewe. Kwa dhana hiyo sehemu za misitu hiyo ya pwani zilikatwa ili kujengwa majumba na hoteli. Mwaka 1992 Serikali ya Kenya ilianza kuyatangaza makaya kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 UNESCO iliyatia baadhi yake, Kinondo ikiwamo, katika Urithi wa Dunia.

Basi, ndugu karani, kabla hujaandika "hapana watu", uliza kwanza ni kaya ipi. Nawe, ndugu mkulima, ukiulizwa, eleza kwa kituo, kwa maana lisemwalo hupita, bali liandikwalo hukaa.