Sakitu Haianguki Makadara

Wako wasemao kwamba Mombasa si mahali pa bustani. Husema kuwa kisiwa chote ni matumbawe, kwamba visima vyake vina maji ya chumvi, na kwamba jua la Kaskazi halina huruma kwa kitu kibichi. Maneno hayo nimeyasikia kwa wazazi, kwa walimu wenzangu, na, la kusikitisha zaidi, kwa vijana ambao hawajapata kushika jembe. Nataka kukuonyesha, msomaji, kwamba kosa si la ardhi. Kosa ni la mwalimu tuliyemchagua atufundishe kulima.

Nitaanza na kosa langu, maana asiyekiri lake hana haki ya kukosoa la mwenziwe. Nilizaliwa mbali na pwani. Nilipotoka chuo cha ualimu nikaletwa kufundisha Makadara, nilipewa sehemu ya ua wa shule niifanye bustani. Nilikuwa nimezoea kutafuta kila jibu kitabuni, basi nikatafuta kitabu. Nilikipata kimoja kizuri, chenye picha za rangi, kilichoandikwa Uingereza. Kiliniamuru nipande baada ya sakitu ya mwisho, yaani ule umande ugandao kwa baridi; niielekeze bustani upande wa kusini; tena nisiitie kivuli mimea yangu. Nilipanda letasi na karoti mwezi wa Januari. Kabla Februari haijaisha palikuwa na vumbi, na wanafunzi wangu walikuwa wakinitazama kimya kwa adabu, jambo ambalo ni zito kuliko kuchekwa.

Nakuuliza, je, sakitu ya mwisho ilianguka lini Makadara? Haijapata kuanguka. Kitabu kile hakikusema uongo. Kilisema kweli ya mahali pengine. Mwandishi wake ana majira manne, na adui wa mimea yake ni baridi. Sisi tu kiasi cha digrii nne kusini mwa ikweta. Mwezi wa Januari jua la adhuhuri liko kusini mwetu, Julai liko kaskazini, na mara mbili kwa mwaka hupita juu ya utosi. Adui wetu ni ukavu. Mvua kubwa hunyesha toka Aprili hata Juni, Mei ikizidi miezi yote. Mvua za vuli huja Oktoba na Novemba. Januari na Februari ndiyo miezi ya kiu. Hata ushauri utokao Nairobi yafaa upimwe kabla ya kufuatwa, kwa kuwa mji ule uko juu ya bahari kiasi cha mita 1,700, nasi tuko ufukweni.

Mwalimu niliyemhitaji alikuwa ng'ambo ya ukuta wa shule. Alikuwa bibi mzee, na uwani kwake, ndani ya madebe, mlikuwa na mrehani, asumini, mchicha, mnavu na bamia, vyote vibichi katika Kaskazi ileile iliyoniaibisha. Madebe yake yalikaa chini ya kivuli cha makuti, na maji yaliyooshea mchele hayakumwagwa bure. Nilipomwuliza la kufanya aliniambia, "Mwanangu, ngojea mwaka." Nilidhani ananitaka nikae miezi kumi na miwili. Kumbe mwaka, kwa watu wa pwani, ni mvua kubwa zenyewe! Neno moja lilikuwa na ratiba nzima ya kupanda, nami mwenye cheti sikulifahamu.

Wazee wa pwani walikuwa na kalenda ya jua ya siku 365, ianzayo Siku ya Mwaka, iitwayo pia Nairuzi. Walizihesabu siku zake kumi kumi, kila kumi likiitwa mwongo, na kwa miongo hiyo baharia alijua wakati wa kusafiri na mkulima wakati wa kupanda. Lakini sikuhimizi kuwaamini wazee kwa kufumba macho. Kalenda ile haina mwaka mrefu, kwa hiyo huachana na majira siku moja kila miaka minne. Kwa miaka mia hupotoka siku kama ishirini na tano. Elimu ya kale nayo yataka kupimwa, kama ile ya kitabu kigeni.

Mfano wa kupima uko karibu. Mwaka 1971 huko Bamburi, kaskazini mwa kisiwa chetu, René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa na mwamba wa matumbawe pasipo udongo. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili zilikuwa tatu: mvinje, mnazi na konokapasi. Majani ya mvinje yalikataa kuoza, mpaka alipoleta majongoo wakayala na kuyafanya rutuba. Leo pale pana msitu. Sasa yu wapi asemaye kuwa matumbawe hayaoti kitu?

Pengine utaniuliza, "Je, tuvitupe vitabu?" Hasha! Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalitoa mwaka 1999 kitabu juu ya mimea ya asili iliwayo nchini, na Mtwapa kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha pwani. Visomwe, viulizwe. Bali kila shauri, liwe la kitabu au la mzee, liulize maswali matatu: Limetoka katika mvua gani? Limetoka katika udongo gani? Nani amelijaribu hapa? Likishindwa kujibu, usilipe mbegu zako. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Yule bibi amefariki. Tulikuwa tumeandika maneno yake kurasa saba tu, na mengine yamekwenda naye. Kwa hiyo, msomaji, nunua daftari. Andika siku mvua iliponyesha, ulichopanda, kilichoota na kilichokufa. Kisha, kabla ya magharibi ya leo, nenda kwa bibi yako ukamwulize alipanda nini Kaskazi iliyopita.