Neno la Mhariri: Mgonjwa wa Kisarawe Adai Haki Yake Wapi?

Tangu ilipoanza kutumika, tarehe 1 Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo imezihesabu habari za afya ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti zistahilizo hifadhi ya pekee, mazungumzo yetu yamekuwa aghalabu juu ya dhima ya wanaotunza taarifa hizo na juu ya Tume iliyowekwa kuwasimamia. Lakini suala moja, ambalo ndilo tumelifanya kuwa kiini cha toleo hili, limeachwa nyuma, nalo ni hili: siri za wagonjwa wengi zikivuja kwa pamoja, ni mahakama ipi yenye mamlaka ya kumwita aliyezivujisha, naye akalazimika kuitika?

Mtu afikapo dirisha la mapokezi katika zahanati au hospitali yoyote ya Kisarawe, hutaja jina, umri, kijiji, namba ya simu, na kama analipa taslimu au ana bima. Karani huyaingiza hayo katika kompyuta, kisha tabibu, mtu wa maabara na mfamasia huongeza kila mmoja lake, hata faili la mama aliyekuja kliniki ya wajawazito likawa na majibu ya kipimo cha virusi vya UKIMWI na jina la mumewe. Zamani faili hilo lilikaa kabatini. Leo, kwa mifumo kama GoTHOMIS ya vituo vya serikali, na kwa madai yapelekwayo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wenye makao yake Dodoma, habari za mgonjwa wa Maneromango husafiri masafa ambayo mwenyewe hajapata kuyasafiri.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, iliyofuata kwa sehemu kubwa ile ya India ya mwaka 1908, yampa mdai wa fidia ya madhara ya mwili au ya mali inayohamishika hiari ya kushitaki mahali kosa lilipotendeka au mahali mdaiwa akaapo. Hiari hiyo ni neema, ila walioitunga sheria hawakuweza kuwaza siri inayoibwa katika mji mmoja, ikauzwa katika mji wa pili, ikamfedhehesha mtu katika mji wa tatu. Wakili wa mdaiwa atadai kwamba kosa lilitendeka pale mashine ilipo. Sisi twashikilia kwamba lilitendeka pale mgonjwa alipoikabidhi amana yake. Na mdaiwa akiwa serikali, yazidi mengine: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu kuunganishwa, na shauri kwenda Mahakama Kuu.

Nchini Marekani, tarehe 19 Juni 2017, Mahakama ya Juu iliamua katika shauri la Bristol-Myers Squibb kwamba mahakama za California hazikuwa na mamlaka ya kusikiliza madai ya watu wa majimbo mengine juu ya dawa ya Plavix, maadamu hawakuandikiwa dawa hiyo California wala hawakudhurika huko. Wapo wanaoiona hukumu hiyo kuwa kikwazo kwa kila kundi la wadai waliotawanyika. Mimi naiona yafungua njia. Majeruhi wa ajali za barabara ya Morogoro wafikishwao hospitali ya Tumbi, Kibaha, wengine ni abiria wa Mbeya na wengine wa Mwanza. Lau taarifa za hospitali ya namna hiyo zingevuja (wala simtuhumu mtu), wote hao wangekuwa na fungamano moja na Kibaha, kwa sababu hapo ndipo walipotibiwa. Mahali pa tiba, basi, ndipo pawe kipimo cha mamlaka, hata kama mdaiwa ni kampuni ya ng'ambo; kwani Mahakama ya Rufani ya Kenya, mwezi Septemba 2024, iliikatalia Meta, kampuni yenye Facebook, hoja yake kwamba haishitakiki Nairobi.

Limebaki gumu la kundi lenyewe. Jijini London, taarifa za wagonjwa wapatao milioni 1.6 wa hospitali ya Royal Free zilikabidhiwa DeepMind, kampuni ya akili bandia, mwaka 2015, na mdhibiti wa taarifa akaikuta hospitali na hatia mwaka 2017. Hata hivyo shauri la uwakilishi, ambalo mtu mmoja hudai kwa niaba ya wote, lilifutwa mwaka 2023, na rufaa ikashindwa Desemba 2024, kwa kuwa hali ya kila mgonjwa ilionekana kuwa mbali na ya mwenzake. Kanuni yetu ya uwakilishi, ndugu ya ile ya Waingereza, nayo hutaka maslahi yaliyo sawa, ruhusa ya mahakama, na wahusika kuarifiwa, hata kwa tangazo la hadhara. Na mahakama zetu zimezoea kudai orodha ya majina. Ni dhulma iliyo wazi kumwambia mtu aliyefedheheshwa kwa siri ya maradhi yake kwamba, ili apate fidia, aliandikishe jina lake katika orodha itakayosomwa na kila mwenye kupita masjala.

Kwa hiyo twawasihi wabunge wa Kibaha Mjini, Kibaha Vijijini na Kisarawe wapeleke bungeni marekebisho mawili: shauri la taarifa za afya lifunguliwe katika mahakama ya mahali mgonjwa alipotibiwa, na wadai waorodheshwe kwa namba, majina yao yakibaki mikononi mwa hakimu peke yake.