Simu Inamwambia Mgeni Pa Kwenda. Sisi Tumeiambia Nini Simu?

Vijana wenzangu, shikeni simu zenu. Fungua programu yoyote ile ambayo watalii wanaitumia kutafuta pa kwenda, andika "Tanzania", halafu tazama inachokuletea. Serengeti. Kreta ya Ngorongoro. Kilimanjaro. Fukwe za Nungwi. Mji Mkongwe, na ndani ya Mji Mkongwe, Freddie Mercury. Sasa shuka chini, endelea kushuka mpaka kidole kichoke. Songea umeiona?

Mimi ni mtu wa Ruvuma, kwa hiyo mkisema nina wivu sitabisha. Ila wivu pembeni, hapa kuna jambo la kisiasa ambalo sisi vijana tunalipita kila siku tukidhani ni mambo ya wazungu na kamera zao. Mgeni wa leo hamuulizi balozi wala hanunui kitabu. Anaiuliza simu. Na simu inamjibu kwa kutumia maneno ya watu waliowahi kupita pale wakaandika. Ukiona nchi yako inasimuliwa na waliokaa siku tatu, ujue waliokaa miaka mia hawakuandika.

Tuelewane kwanza jinsi mashine hizi zinavyofanya kazi, maana wapo wanaodhani kuna mtu ofisini California anaichukia Kusini. Hakuna. Mashine inahesabu. Inaangalia sehemu ina maoni mangapi, ina nyota ngapi, picha zake zimetazamwa mara ngapi. Inaangalia pia waliopenda sehemu fulani walipenda na wapi pengine, halafu inamletea mgeni mpya kilekile walichopenda wenzake waliofanana naye. Juu ya hapo kuna matangazo ya kulipia, mwenye hela anasogezwa mbele. Matokeo yake ni mwenye nacho kuongezewa. Sehemu isiyo na maoni haionyeshwi, isipoonyeshwa haiendewi, isipoendewa haipati maoni. Mzunguko umefungwa. Aliyeanza mapema ndiye anayeonekana mpaka kesho, hata kama cha kuonyesha ni bwawa la kuogelea na juisi ya embe.

Sasa turudi Songea. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga pale mashujaa 67 wa Vita vya Majimaji. Pale pana makaburi, pana makumbusho, pana sanamu, na kila mwaka tarehe hiyo kuna kumbukumbu. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja mwenyewe mpaka Songea, akakaa na wajukuu wa Nduna Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale yaliyotendwa na nchi yake. Vyombo vya habari vya dunia vikaandika siku mbili, vikahamia kwingine. Ukoo wa Mbano bado unauliza kichwa cha babu yao kiko wapi, maana wanaamini kilipelekwa Ujerumani. Ukiniuliza mimi, hiyo ni habari nzito kuliko machweo yote ya Nungwi.

Lakini ukiitafuta makumbusho ile kwenye programu moja kubwa, maoni yake ukilinganisha na ya hoteli moja tu ya ufukweni ni ya kuhesabika, na ya Kiswahili ni ya kutafuta kwa tochi. Mwingine kaandika kwamba pako vizuri ila barabara ndefu. Basi. Huo ndio muhtasari wa vita iliyoua watu wasiopungua elfu sabini na tano, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Barabara ndefu!

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, kwa sababu wengi watasema dawa ni rahisi: tuandike "ukweli wetu", mambo yaishe. Ukweli wetu upi? Uliza kilimani Umatumbi, ambako vita ilianza Julai 1905, watakusimulia habari za Kinjikitile wa Ngarambe na pamba ya kulazimishwa. Kwao Songea ni mbali kweli kweli. Uliza Ungoni, watakusimulia habari za manduna na kamba ya Mjerumani. Uliza Wandendeule au Wamatengo, wakikuamini watakukumbusha kwamba Wangoni nao waliingia kutoka kusini karne ya 19 kwa mkuki, wakatawala wenyeji waliowakuta, kwa hiyo neno "shujaa" lina pande zake. Na ukiwauliza kina mama watakutajia jina la Nduna Mkomanile, mwanamke pekee miongoni mwa walionyongwa. Niambieni ni programu gani inayomletea mgeni jina hilo. Hata vitabu vya shule vingi vimemruka.

Uzuri wa teknolojia hii, nasema kwa dhati, ni kwamba ina nafasi ya kubeba sauti zote hizo. Kitabu cha shule kina ukurasa mmoja na mwandishi mmoja. Bango la makumbusho lina mistari kumi, na mistari yenyewe imepitishwa na ofisi. Ila chini ya sehemu moja kwenye ramani ya simu wanaweza kuandika watu mia, Mngoni na Mndendeule, mwalimu mstaafu na mjukuu wa aliyenyongwa, kila mmoja kwa alivyosimuliwa nyumbani. Mgeni akisoma sauti tano zinazopishana ataelewa kwamba amefika mahali penye watu wenye akili zao, si kwenye picha ya ukutani.

Kama hamjaona kwa nini hili ni suala la haki, twendeni kaskazini. Ngorongoro ilitengwa mwaka 1959 kama eneo ambalo wafugaji na wanyamapori wangeishi pamoja. Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi. Tangu 2022 familia zimekuwa zikihamishwa kwenda Msomera, Handeni, na sote tunajua mvutano uliokuwepo na uliopo. Sasa soma maoni ya watalii waliopita pale. Simba kaonekana saa nne asubuhi, chakula cha mchana kilikuwa cha baridi, choo kisafi. Mmasai anatajwa kama sehemu ya mandhari, shuka jekundu pembeni ya barabara. Mtu anaweza kusoma maoni elfu moja asijue kwamba pale kuna mgogoro wa ardhi, kwamba kuna shule na zahanati ambazo wenyeji wanadai zimenyimwa fedha, kwamba yupo aliyehama kwa hiari na yupo aliyegoma na wote wawili wana sababu zao. Mgeni analipa kiingilio, anatoa nyota tano, anaondoka. Hajakosa huruma. Hajaambiwa tu.

Serikali yenyewe inajua nguvu ya kusimulia, msidhani haijui. Rais Samia aliingia mbele ya kamera na Peter Greenberg, na mwaka 2022 wakatoa Royal Tour. Watu walibishana gharama na faida, sitaki kuurudia ubishi ule hapa. Ninachosema ni kwamba ile ilikuwa nchi nzima kwa sauti moja, ya mtu mmoja, kutoka juu. Wakati huohuo kijana aliyetaka kusimulia kwao kwa blogu yake alikuwa ametoka kuwekewa kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zilizomtaka alipie leseni, ada ambazo jumla yake ilizidi shilingi milioni mbili. Kanuni zilikuja kurekebishwa, ila woga hauna marekebisho, ukishaingia unakaa. Wengi walifunga blogu zao na hawakurudi. Halafu tunashangaa Kiswahili hakionekani kwenye simu za wageni.

Zanzibar nako kuna somo. Pale Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa juu ya lililokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, mgeni anashushwa kwenye vyumba vya chini anaambiwa watumwa walifungiwa humo. Anatoka analia, anaandika. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kwamba vyumba vile vilitumika hivyo, kwa kuwa jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa. Hakuna anayebisha kwamba soko lilikuwepo wala kwamba watu waliuzwa pale, ukatili ule ni wa kweli. Lakini Mzanzibari yeyote anajua jinsi habari za utumwa visiwani zilivyotumika kisiasa, nani ananyooshewa kidole na nani anakaa kimya. Katika jambo kama hilo, kuiacha simu iseme toleo moja kwa sababu tu ndilo linalowaliza watu zaidi ni hatari. Mzee wa Ng'ambo, mtu wa familia ya Kiarabu, mzao wa waliouzwa, wote waandike. Wapishane hadharani.

Najua kuna makamanda watanijia juu. Tuna vita ya Katiba mpya, tuna vita ya tume huru, watu wetu wako mahabusu, wewe unatuletea nyota za watalii? Nawaelewa. Lakini kura inapigwa na mtu anayejua kwao pana thamani. Na vijana tunaowaomba kura hizo ndio haohao madereva, waongoza wageni, wapika chapati wa stendi, ambao hela ya mgeni inawapita juu kwa juu kwenda kwa wenye hoteli kubwa kwa sababu simu haijui kama wapo. Mgeni mmoja akilala Songea usiku mmoja, mama lishe kauza, bodaboda kapata.

Isitoshe, kazi hii haihitaji kibali cha mtu. Tunao mfano wa nyumbani. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwakusanya wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam, wakachora kata zinazokumbwa na mafuriko, mtaro kwa mtaro, nyumba kwa nyumba, kwenye ramani ya wazi ambayo dunia nzima inaisoma. Vichochoro ambavyo havikuwa na jina popote vikapata jina. Walifanya kwa simu na kwa kutembea kwa miguu.

Kwa hiyo andikeni, na andikeni kwa Kiswahili. Msione aibu kwamba mgeni hataelewa, programu nyingi sasa zinatafsiri zenyewe. Andikeni majina kama wenyeji wanavyoyatamka, si kama yalivyoharibiwa na Mjerumani. Ukiandika kitu ulichosimuliwa, sema umesimuliwa na nani, bibi, mwalimu, mzee wa ukoo. Ukisikia toleo jingine, usilifute, liweke pembeni ya lako. Na tafadhali sana, msiende kule kubandika bendera ya chama wala kumpa nyota tano mjomba mwenye gesti yenye kunguni. Maoni ya uongo yanafutwa, na hata yasipofutwa mgeni akishadanganywa mara moja hasomi tena.

Kuna na kitu kimoja cha kuwa nacho makini. Si kila mahali ni pa kuwekwa kwenye ramani. Sehemu za matambiko, makaburi ya ukoo, msitu ambao wazee hawataki uingiwe na kila mtu, hizo ziulizwe kwanza kwa wenyewe. Wakisema hapana, ni hapana, hata kama picha ni nzuri.

Kwa upande wa sera, kazi ya chama ipo pia, na nimeshawaambia viongozi wangu wa mkoa: halmashauri ziweke wazi orodha za maeneo ya kihistoria zilizomo kwenye makabati yao, Makumbusho ya Taifa iruhusu maandishi yake ya Kiswahili yatumike bure, bei ya bando ishuke. Na siku serikali ikija na programu yake yenyewe ya utalii, kama itakuja, swali letu la kwanza liwe nani anaruhusiwa kuandika humo.

Walioko Ruvuma, tarehe 27 Februari tutakuwa pale makaburini kama kila mwaka. Njooni mapema kabla ya hotuba, wazee wakiwa bado wamekaa chini ya miti na wana muda wa kuongea. Ulizeni habari za Mkomanile. Simu ziwe na chaji.