Geji ya Mafuta na Funguo za Gari la Msikiti

Juma hili tumeliweka kando lile tulilokusudia kuliandika. Limetufika jambo msikitini kwetu ambalo huenda likazifaa nyumba zenye gari, hasa gari linalotumiwa na zaidi ya mtu mmoja.

Msikiti wetu una gari kuukuu la kubebea jeneza. Jioni moja mweka hazina alitoa fedha, zikanunuliwa lita 30 za petroli. Asubuhi alipowasha gari, mshale wa geji ulikuwa umelala chini kabisa. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Kabla ya adhuhuri maneno yalikwisha kuenea barazani kwamba dereva wetu, mzee aliyelihudumia gari hilo kwa miaka 11 bila ya ujira, ananyonya mafuta usiku na kuyauza. Nasi tulioandika muhtasari wa kikao tuliandika neno "upotevu". Tunalitaja kwa aibu.

Kijana mmoja, fundi umeme wa magari, ndiye aliyeuliza kama kuna mtu aliyelitazama tanki lenyewe. Hakuwapo. Akalisukasuka gari kwa mabega, na sote tukayasikia mafuta yakigonga kuta za tanki.

Ndani ya tanki mna boya lililofungwa kwenye mkono wa waya. Mafuta yakipanda, boya hupanda nayo, na ncha ya mkono ule huteleza juu ya kijibati kinachoongeza au kupunguza umeme uendao kwenye geji. Basi mshale hausomi mafuta; husoma mahali lilipo boya.

Fundi alianza na yaliyo rahisi. Mshale wa joto la injini ulikuwa mzima. Lau ingeharibika yote miwili kwa pamoja, angeishuku fyuzi au umeme unaoingia dashibodi. Kisha akachomoa plagi ya waya za tanki, akaugusisha waya wa geji kwenye bodi ya gari huku ufunguo ukiwa umewashwa. Mshale ukapanda hadi kujaa. Kwa gari letu, hiyo ilikuwa dalili kwamba geji na waya wake ni salama, na ugonjwa umo tankini. (Gari la kisasa ambalo geji yake huongozwa na kompyuta lisifanyiwe jaribio hilo, lipelekwe kwa mwenye kifaa chake.)

Hapo ndipo pa kuchukua tahadhari. Mvuke wa petroli huwaka kwa cheche ndogo mno. Alifungua waya wa hasi wa betri, akafanya kazi uwanjani penye upepo, na wavuta sigara akawaweka mbali. Alipolitoa boya na kulitikisa sikioni, mafuta yalichezacheza ndani yake. Lilikuwa limetoboka kitundu kidogo, limejaa petroli, limezama. Tungetia lita 30 au 50, mshale usingeinuka. Lililobadilishwa ni boya tu, si geji wala pampu.

Kuna jingine lililotuuma zaidi. Tangu mshale uanze kusinzia, mzee alikuwa akiandika daftarini kilomita za kila safari na lita zilizotiwa, kama inavyompasa kila mwenye geji asiyoiamini. Maana kuishiwa mafuta njiani ni udhia, na pampu ya umeme iliyomo tankini hupoozwa na mafuta hayo hayo, yakipungua mno huungua. Hesabu zake zilikuwa safi. Hakuna aliyemwomba daftari.

Baada ya Isha tulikwenda kwake, mwenyekiti, mweka hazina na sisi, tukamsomea muhtasari uliorekebishwa. Alitupa kahawa, na radhi alitupa. Funguo za gari, hadi tunaandika haya, bado zimo mezani mwetu.