Waraka kwa Wanachama: Twendeni kwa Wazee Kiangazi Hiki

Kwa wanachama wote wa chama chetu cha historia, walio Kabongo mjini na walio vijijini.

Wazee wetu, ndugu na dada zangu,

Mvua zinakatika na njia za vijijini zimeanza kupitika kwa baiskeli. Ombi langu ni moja: kila mwanachama atoe siku zake kadhaa za kiangazi hiki, bila malipo, akakae na mzee mmoja na kuandika anachokijua. Mzee mmoja tu anatosha, mradi asikilizwe mpaka mwisho.

Hesabu yenyewe inatisha. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 bendera ya Ubelgiji iliposhushwa mwaka 1960, leo amepita 70. Jason Sendwe, kiongozi wa BALUBAKAT, chama cha siasa cha Baluba wa Katanga, alizaliwa Mwanya, katika wilaya yetu hii, mwaka 1917, akauawa Albertville, Kalemie ya leo, mwezi wa sita mwaka 1964. Waliokaa naye darasani hawapo tena. Tulionao ni wale waliokuwa watoto siku za vita vya Katanga, na hao nao tunawazika kila mwaka.

Vitabu vipo, nami sivibezi. Luteni Cameron, Mwingereza, alifika Kilemba mwaka 1874, enzi ya mfalme Kasongo Kalombo, akamkuta huko mfanyabiashara Juma Merikani. Verhulpen alichapa kitabu chake juu ya Baluba mwaka 1936. Reefe, Mmarekani, akachapa chake mwaka 1981. Ninachokipenda kuliko vyote ni ile kamusi kubwa ya Kiluba na Kifaransa ya mwaka 1954, ambayo Van Avermaet aliitunga pamoja na mwenzetu Mbuya, kwa sababu humo yamo maneno ya watu wa kawaida. Waandishi wengine waliwatafuta wafalme, nao wafalme wakawatosha.

Lakini wenyewe tulikuwa na utaratibu wetu. Watu wa mbudye, chama cha watunza kumbukumbu za ufalme, walitunza lukasa, ubao unaoenea mkononi, uliobana katikati, umepigiliwa shanga na simbi. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia juu ya shanga moja baada ya nyingine, akitaja wafalme, safari, mahali patakatifu na miiko ya kazi. Ubao ule ule ulisomwa kwa namna tofauti kufuatana na msomaji, wasikilizaji na jambo lililowakutanisha. Leo anayetaka kuona lukasa nzuri aende kwenye jumba la makumbusho la Brooklyn, New York. Ubao umevuka bahari, lakini wenye kuusoma walibaki huku, wakazeeka, na wengi wao wamekufa bila kuulizwa.

Kutokana na lukasa tujifunze jambo hili: masimulizi mawili yakipishana, andika yote mawili. Hapa kwetu hilo ni la lazima. Baada ya Kasongo Kalombo kufa, wanawe waligombea kiti, na Wabelgiji wakaigawa nchi, huku kwa Kabongo, kule kwa Kasongo Niembo. Kasongo Niembo aliwapinga wazungu miaka mingi, hadi alipokamatwa mwaka 1917 na kuhamishwa mbali na nchi yake. Upande wetu una simulizi yake juu ya ugomvi ule, na upande wa pili una yake. Mwanachama atakayekwenda upande wa Kasongo Niembo akarudi na maneno yanayotufurahisha sisi peke yetu, atakuwa hakusikiliza. Asimsahihishe mzee. Asimkatize. Aandike.

Tuwaendee akina mama pia. Nalisema hili kwa mkazo, maana kwenye orodha za wasimulizi ninazoziona wanaume wamejaa. Je, tumesahau kwamba mfalme akifa, mwanamke, mwadi, ndiye aliyeingiwa na roho yake na kuyatunza makao yake? Iwapo wazee wetu wa kale walimwamini mwanamke kuhifadhi mfalme mzima, sisi ni nani hata tumwache jikoni tunapofungua daftari? Waulizeni jinsi chumvi ilivyochujwa, nani aliibeba na ilibadilishwa kwa vitu gani. Nchi hii ilipata nguvu kwa chumvi na chuma kabla ya mtu yeyote kuandika jina lake. Habari za asili ya ufalme, za Nkongolo Mwamba, Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga mtasimuliwa bila hata kuuliza. Zipokeeni, kisha ulizeni ya shamba, ya kodi, ya kulimishwa pamba.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya wasomi wa chuo kikuu. Nawajibu hivi: mwaka 1965, waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa wazungu mjini Elisabethville walitoa historia ya mji wao kwa Kiswahili chao wenyewe, mwandishi akiwa mwenzao André Yav. Hakuna profesa aliyewatuma. Miaka mingi baadaye wasomi walikuja kuyasoma maandishi hayo kwa bidii.

Kuhusu kazi yenyewe: omba ruhusa kabla ya kuwasha simu kurekodi. Andika jina la msimulizi, kijiji, ukoo, tarehe, na nani mwingine alikuwepo. Andika kwa lugha aliyosemea, Kiluba kibaki Kiluba. Tafsiri itakuja baadaye. Nakala iwe mbili, moja ibaki kwa familia yake, kwa sababu mchwa hawachagui. Na mtu akikusimulia mambo ya vita, ya 1960 au ya miaka ya 1998 hadi 2003, akisema jina fulani lisitajwe, usilitaje, hata ndani ya chama.

Madaftari na kalamu vipo kwa katibu. Anayekwenda ampe jina lake, jina la kijiji na la mzee aliyemchagua, kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano. Asiyeweza kusafiri aanze na jirani yake. Vijana wenye simu zinazorekodi vizuri, tunawahitaji ninyi kwanza. Njooni hata kama hamjalipa mchango wa mwaka huu.